Kopo Tupu Lina Kazi

Mwezi huu tuzungumze juu ya vyombo vya jikoni vinavyozaliwa na makopo matupu.

Waliofika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, kabla haijafungwa Desemba 2012, watakuwa wanavikumbuka. Ndugu zetu wa Burundi walikimbia vita, wengi bila hata mwiko mkononi. Mgao ulikuwa unga, maharage, chumvi na mafuta ya kupikia. Mafuta ya msaada kutoka Marekani yalikuja katika makopo ya bati ya lita 4, na yalipokwisha, kopo lilianza kazi ya pili. Lilikatwa likawa kikombe au kipimo cha unga. Lilitobolewa kwa msumari likawa chujio, au bati la kukwangulia muhogo. Vipande vilivyobaki vilitosha koroboi.

Tusidhani haya ni mambo ya wakimbizi tu. Bibi zetu wa Buha walichota maji kwa kata ya kibuyu, na wenzetu wa pwani hupakua mchuzi kwa upawa wa kifuu cha nazi. Mama mwenye busara hutazama kwanza kile alicho nacho. Mjane tunayesoma habari zake katika 2 Wafalme 4 alikuwa na mafuta kidogo tu, lakini vyombo vitupu alivyoazima kwa majirani viliwaokoa wanawe wasichukuliwe utumwani.

Hata hivyo, tuwe waangalifu, maana chombo kibaya huweza kumdhuru mtoto:

1. Usitumie kamwe kopo la rangi, wala la dawa ya kunyunyizia tumbaku au kahawa. Hata ukilisugua kwa mchanga na majivu, sumu yaweza kubaki. Litoboe ili mtu mwingine asije akalichotea maji.

2. Mwambie fundi akunje kingo za kikombe ndani na kuzigonga zilale. Kwa cha kukwangulia, futa vizuri chembe za bati kabla ya kukitumia.

3. Chagua kikombe kilichoungwa kwa kukunja bati. Kilicholehemiwa kwa risasi kisinywewe, kwani risasi huharibu ubongo wa mtoto.

4. Usihifadhi ndani ya bati vitu vichachu, kama maji ya ndimu, nyanya au maziwa ya mgando. Osha, kausha juani, na kikishika kutu kiondoe jikoni.

Wapendwa, unapomfundisha binti yako kupika, mfundishe pia kuchagua chombo. Na mtoto wa kiume mpeleke kwa fundi bati akajifunze. Ni kazi ya heshima, nayo hulisha nyumba.

Mungu ayabariki majiko yenu. Tukutane mwezi ujao.