Primus ya Bukavu ikikosekana, mtungi wa Lusenda unaweza kujaza nafasi yake?

Kunako tarehe 12 Juni 2025, kampuni ya Heineken ya Uholanzi, mwenye Bralima, ilipoteza uongozi wa majengo yake ya Bukavu na Goma na kuondoa wafanyakazi waliobaki. Ilikuwa miezi minne kisha waasi wa M23 kuingia Bukavu, ambako kiwanda cha bia kiliporwa.

Kwa teritware ya Fizi, Bukavu ndiko kiwanda cha Bralima kilicho karibu zaidi. Lusenda, kando ya ziwa Tanganyika, iko na kambi inayopokea wakimbizi wa Burundi tangu 2015. Ng'ambo ya ziwa kuna Brarudi ya Bujumbura, lakini Burundi nayo imepitia ukosefu wa bia kwa sababu ya upungufu wa mafuta na pesa za kigeni.

Je, Primus inaweza kutengenezwa nyumbani? Hapana. Bia hiyo inaomba kimea cha shayiri, hops, na chachu inayofanya kazi katika baridi, kisha kutulia wiki kadhaa ndani ya matangi yenye baridi. Kwenye joto la kando ya ziwa, bila umeme wa kutegemea, kazi hiyo haiwezekani. Anayetia pombe ya nyumbani ndani ya chupa ya Primus anauza jina tu.

Lakini Wakongomani na Warundi wana pombe zao za zamani: kasiksi ya ndizi, ambayo Warundi wanaiita urwarwa, na impeke ya mtama. Mtama unalowekwa, unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa na kupikwa. Kiwanda kinaanza vilevile na shayiri yake. Pombe hizi zinakuwa tayari kwa siku chache na zinaharibika upesi. Kwa hiyo haziendi mbali, na pesa yake inabaki karibu na mama aliyepika. Hata hivyo, mtama unaoingia mtungini ni chakula kinachotoka kwenye sahani, jambo zito pale musaada unapopungua.

Hatari kubwa iko kwa kanyanga, ao lutuku. Yenyewe haiharibiki, inasafiri ndani ya bidon, na kidogo tu inalewesha. Ndiyo sababu inavuta wachuuzi wakati bia inakosekana. Hakuna anayepima nguvu yake, na mchuuzi mwenye tamaa anaweza kuiongezea metanoli ya viwandani, sumu inayopofusha na kuua, isiyotambulika kwa macho wala kwa ulimi. Mwaka 2010, huko Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa kisha kunywa pombe kali iliyochanganywa na metanoli.

Hapo viongozi wanapaswa kuchagua vizuri. Kufukuza wapikaji wote kwa namna moja kunawasukuma kujificha, na pombe iliyo rahisi kufichwa ni kanyanga, si mtungi wa impeke. Kutenganisha hizo mbili, na kufuatilia bidon zinakotoka, kungelinda raiya zaidi kuliko kuvunja mitungi.

Kwa mnywaji, kanuni ni moja: pombe kali isiyojulikana inakotoka isinywewe. Na mtu akianza kuona ukungu ao giza kisha kunywa, asiachwe alale eti amelewa. Apelekwe hospitali palepale.