Komredi, Faili Ritani Yako Mwenyewe

Kila tarehe 30 Juni inapokaribia, mabango hutokea nje ya kila saiba iliyo karibu na chuo: ritani za KRA zinafailiwa hapa. Ukienda mapema utatoa soo. Ukichelewa kidogo ni soo mbili. Usiku wa tarehe 29, foleni ikiwa imefika barabarani, bei ni ile atakayotaja mwenye kompyuta, nawe utalipa tu kwa sababu faini ni ngiri mbili.

Msimamo wangu ni huu: ritani ya mwanafunzi wa kawaida ni kazi ya dakika chache anayoweza kuifanya mwenyewe, na kumpa mtu nenosiri lako ili akufanyie ni hasara kubwa kuliko hizo soo mbili. Mhasibu ana kazi yake, na nitaeleza ni wakati gani wa kumtafuta. Lakini tusidanganyane. Pale saiba hatununui uhasibu. Tunamlipa mtu atubofyie.

Tuanze na jinsi tulivyojipata hapa. Wengi wetu tulichukua PIN ya KRA tukitafuta mkopo wa HELB, tukiwa na miaka 18 au 19, na wengi wetu hatukuambiwa mambo yanayofuata. Ukishakuwa na PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato, unatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka, uwe na doo au huna. Ritani ya mwaka uliopita hufailiwa kufikia 30 Juni. Ukikosa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Ukilala miaka minne, hizo ni angalau 8,000, na utazikuta zinakungoja siku unapotafuta kazi ya serikali na kuambiwa ulete cheti cha KRA cha kuonyesha umetimiza wajibu wako wa ushuru.

Sasa hiyo ritani sufuri yenyewe ikoje? Unaingia iTax kwa PIN yako, ile inayoanza na herufi A. Unaweka nenosiri, unajibu hesabu ndogo ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Unafungua sehemu ya ritani, unachagua ritani sufuri, unachagua ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkaazi, unajaza kipindi cha 1 Januari hadi 31 Desemba ya mwaka uliopita, unawasilisha. Mfumo unakupa risiti. Unaipakua na kuihifadhi mahali utakapoiona tena. Ni hayo tu. KRA pia ina programu ya simu, M-Service, inayofanya kazi hiyo hiyo. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mtu mwenye CPA.

Kwa hivyo shida ya saiba siyo bei. Shida ya kwanza ni akaunti. Mhudumu mwenye watu kumi wanaosubiri ana haraka. Wakati wa kukusajili, ukimwambia huikumbuki barua pepe yako, anaweka yake. Siku ukitaka kubadilisha nenosiri, ujumbe unamwendea yeye. Akifunga duka au akihamia mtaa mwingine, itakubidi uende ofisi za KRA kuomba akaunti yako mwenyewe. Kuna makomredi wamefika mwaka wa nne na hawajawahi kuiona akaunti yao kwa macho. Kuna wengine ambao nenosiri lao limeandikwa kwenye kijitabu cha kaunta, pamoja na majina na PIN za wateja wengine.

Labda utasema, akaunti ya mwanafunzi ina nini cha kuiba? Leo ina nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na simu yako. Lakini PIN haibadiliki ukihitimu. Hiyo hiyo ndiyo utakayompa mwajiri, utakayonunulia shamba, utakayosajilia biashara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki juu ya taarifa zako, ila haitakusaidia sana ikiwa wewe mwenyewe ndiye uliyezitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Shida ya pili ni kubwa zaidi na haizungumzwi. Mtu wa saiba anauliza swali moja tu: una kazi? Unajibu huna, maana wewe ni mwanafunzi. Ritani sufuri, mwingine aje. Na kweli kwa wengi jibu hilo ni sawa. Mkopo wa HELB si mapato, ni deni. Pesa anazokutumia mzazi si mshahara. Ukiwa umeishi mwaka mzima kwa hizo, ritani yako ni sufuri kihalali.

Lakini angalia tulivyo. Kuna aliyefanya mafunzo ya kazini mwaka jana, kampuni ikamlipa na kumkata PAYE. Pesa hizo zilipelekwa KRA kwa PIN yake, na KRA inajua. Akifaili sufuri, ritani yake inapingana na rekodi ambazo mwajiri ameshatuma. Huyu anatakiwa kuiomba kampuni fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwezi baada ya mwezi, kisha afaili kwa tarakimu hizo. Akifanya hivyo, anaweza hata kugundua alikatwa kupita kiasi na kuomba arudishiwe. Kwa ritani sufuri hawezi kulijua hilo kamwe.

Kuna mwingine anayefundisha tuisheni mtaani, au anaandika makala mtandaoni, au anauza mitumba hosteli. Tuchukue mwenye tuisheni ya 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 72,000. Kwa viwango vya sasa, shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu ya kibinafsi ni 2,400 hiyo hiyo. Ina maana mtu aliyepata hadi 288,000 kwa mwaka hana ushuru wa kulipa. Komredi wetu wa tuisheni hatatoa hata ndururu. Hata hivyo, ushuru sufuri na ritani sufuri si kitu kimoja. Ushuru sufuri unasema nilipata kidogo na hesabu imetoka bila deni. Ritani sufuri inasema sikupata chochote. Ukisema la pili wakati ukweli ni la kwanza, umetoa taarifa ya uongo kwa KRA, na hilo ni kosa kisheria hata kama serikali haikupoteza senti. Na jina lililo kwenye risiti ni lako. KRA haitamwandikia barua mtu wa saiba.

Ajabu ni kwamba sisi si kizazi kisichojua mambo ya ushuru. Juni 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha wa mwaka huo kifungu kwa kifungu. Watu walijitolea kuutafsiri kwa Kiswahili na kwa Sheng. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la uchumi alikueleza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwenye magari, tena kwa hasira na kwa usahihi. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alisema hatautia sahihi, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni. Watu walikufa katika siku hizo. Sasa kizazi hicho hicho kinampa mgeni PIN na nenosiri na kumwambia, "Nifanyie tu, mimi sielewi hayo mambo." Tunawezaje kuidai serikali hesabu ya ushuru wetu ilhali hatujui karatasi yetu wenyewe inasema nini?

Nasomea ualimu, na labda ndiyo sababu jambo hili linanikera zaidi. Waliosoma Biashara hadi kidato cha nne walifundishwa kanuni za ushuru mzuri ambazo Adam Smith aliziandika mwaka 1776: usawa, uhakika, urahisi na gharama ndogo ya ukusanyaji. Tulizikariri, tukaziandika kwenye mtihani. Uhakika maana yake ni kwamba mlipaji ajue anadaiwa nini, lini, na alipe vipi. Lakini tulimaliza shule bila hata mmoja wetu kuonyeshwa ukurasa wa kufaili ritani. Mwalimu akimwandikia mwanafunzi jibu kila mara, mwanafunzi atapata alama na hatajua lolote. Saiba inatuandikia jibu kila Juni. Na wale tutakaoajiriwa na TSC tutakuwa na P9 kila mwaka hadi tustaafu. Ukiwa hujajifunza sasa wakati ritani yako ni sufuri, utajifunza lini?

Wapo wanaonipinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza anasema bando ni ghali na iTax kwenye kioo kidogo cha simu inasumbua. Ni kweli inasumbua. Lakini intaneti ya maktaba tunayo, na kompyuta za chuo tunazo. Ukikwama, kwenye vituo vya Huduma kuna dawati la KRA na hawatozi. Wa pili anasema mfumo huwa unalemaa siku za mwisho. Hiyo ni sababu ya kufaili wiki hii. Mtu wa saiba anatumia mfumo ule ule. Ukikwama kwako umekwama kwake pia. Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Anasema saiba ni riziki ya kijana mwenzetu, kwa nini tumnyime? Simnyimi. Nenda kwake, lipia kompyuta na intaneti, mwombe akuelekeze, chapisha risiti kwake. Lakini kaa wewe kwenye kiti, andika nenosiri kwa vidole vyako, na ukimaliza ufunge akaunti.

Sasa mhasibu. Kuna siku utamhitaji na hutafaa kuzionea uchungu pesa za kumlipa. Biashara yako ikianza kuuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Mauzo yanayotozwa VAT yakifika milioni 5, unatakiwa kujisajili kwa VAT. Ukirithi nyumba za kupangisha, kuna ushuru wa kodi ya nyumba wa asilimia 7.5. Ukifungua kampuni na wenzako, au ukipata barua ya KRA usiyoielewa, hapo maswali yanahitaji mtu aliyesomea: gharama ipi inakubalika, ipi haikubaliki, mkondo upi wa ushuru unakufaa. Mhasibu mzuri unamlipa kwa sababu ya uamuzi wake. Tafuta aliyesajiliwa na ICPAK, au wakala wa ushuru aliyeidhinishwa na KRA. iTax yenyewe ina sehemu ya kuhakiki wakala. Na hata kwake, soma ritani kabla haijatumwa na uweke nakala. Sheria inataka rekodi zihifadhiwe miaka mitano.

Kwa chama chetu cha wanafunzi nina ombi. Kila mwaka mnatuletea wasanii na tunashukuru. Mwaka huu tengeni alasiri mbili kabla ya tarehe 20 Juni, muombe maabara ya kompyuta, muwaite makomredi wa Biashara na wa Sheria waje watusaidie. Kanuni iwe moja: anayekusaidia hagusi kibodi yako. Waanze na mwaka wa kwanza, kabla hawajazoea foleni. Na wawaambie waliolala miaka iliyopita kwamba msamaha wa faini na riba za hadi 31 Desemba 2023 uliisha tarehe 30 Juni 2025, kwa hivyo wasiendelee kuusubiri.

Kabla ya hapo, kuna mambo matatu ya kufanya wiki hii. Ingia kwenye akaunti yako na uangalie barua pepe na simu zilizoandikwa ni za nani. Kama si zako, anza safari ya kuzibadilisha leo. Badilisha nenosiri. Kisha fungua risiti ya mwaka jana uone mtu wa saiba alisema nini kwa niaba yako. Kama alisema sufuri na wewe ulilipwa, iTax inaruhusu kurekebisha ritani, na ni heri uirekebishe mwenyewe kabla hujaulizwa.