Bulengera: Kompyuta ya kwanza ya michezo ianzie kwenye umeme, si kwenye kadi ya grafiki

Katika komini ya Bulengera, mjini Butembo, kijana anayekusanya makuta kidogo kidogo ili ajiundie kompyuta yake ya kwanza ya michezo kwa kawaida huanza na swali moja: atie kadi gani ya grafiki? Video anazotazama kwenye simu zimemzoesha hivyo. Lakini nyingi za video hizo zimetengenezwa na watu ambao umeme wao haukatiki ovyo. Butembo, ambako umeme unaweza kuondoka katikati ya mechi na kurudi kwa kishindo, makuta ya kwanza yaende kwenye kifaa ambacho hakuna rafiki atakayekisifu: alimantasyo, kile kisanduku kinachopokea volti 220 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12 ambazo mashine inakula.

Hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Boksi zinazouzwa na alimantasyo tayari ndani mara nyingi zimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Mnunuzi aache herufi kubwa, asome jedwali dogo la ubavuni, mstari wa volti 12. Kama umeandikwa ampea 18, hesabu ni ya shule ya msingi: 12 mara 18 ni 216. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi ya grafiki zitagawana, si 500. Alimantasyo ya kweli ya wati 450, ya kampuni inayojulikana na yenye alama ya 80 Plus, inatosha kabisa kwa mashine ya bei nafuu. Alama hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo mtu akibebe kisanduku mkononi: kikiwa chepesi kama kopo tupu, akirudishe. Alimantasyo mbaya haifi peke yake. Ikiungua inaweza kuondoka na kadi mama, na diski, na kazi zote za masomo zilizokuwa humo.

Mbele yake iwekwe stabilizateri, na makuta yakiruhusu, ondileri ndogo yenye batri, ili umeme ukikatika mtu apate dakika chache za kuzima vizuri. Kwa familia zinazotumia sola hesabu ni ileile. Mashine inayokula wati 150 kwa saa 3 inahitaji wati-saa 450. Batri ya volti 12 na ampea 100 inabeba takriban 1200, lakini ile ya kawaida ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Michezo ya jioni moja, basi, inamaliza karibu akiba yote ya nyumba, na taa za mama jikoni ziko kwenye batri hiyohiyo.

Uamuzi wa pili utawaudhi baadhi ya vijana: mashine ya kwanza isiwe na kadi ya grafiki. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyoingia sokoni Agosti 2021, ina viini 6, ina grafiki yake ndani, na imepangiwa wati 65. Inaendesha eFootball, GTA V na Valorant bila tatizo ikiwa mchezaji atakubali kupunguza ubora wa picha. Sharti lake ni memori. Bareti 2 za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima memori ya mashine, na bareti moja ni kama barabara ya njia moja. Kwa bahati mbaya memori imepanda bei duniani tangu mwisho wa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia mashine za akili mnemba. Micron ilitangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo wajenzi wa kompyuta za bei nafuu walilizoea. Bareti za DDR4 za okazyo, zikipimwa, hazina aibu.

Kadi itakuja baadaye, na siku hiyo uchaguzi utakuwa rahisi: ile isiyodai waya wa ziada. RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 tu. RX 580, inayopendwa kwa bei yake, inakaribia wati 185, na nyingi kati ya zile za okazyo zilitoka kwenye uchimbaji, si wa dhahabu bali wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizochoka zilimwagwa kwenye masoko ya dunia nzima. Kuna pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huwa inazigundua.

Wengine watasema ni heri kununua kompyuta ya ofisi ya okazyo, Dell au HP, na kuipachika kadi. Si wazo baya, lakini neno "Core i5" peke yake halina maana: i5-2400 ni ya 2011, i5-8500 ni ya 2018. Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Tena zile nyembamba hazipokei kadi ndefu, na alimantasyo zake mara nyingi zina plagi za pekee ambazo hazibadilishwi kwa ya kawaida.

Bei ya michezo yenyewe husahaulika pia. EA Sports FC inadai GB 100 za diski, na kuzipakua kwa megabaiti za simu ni mzigo mzito. Heri SSD ya GB 500, na vijana wa kartieri moja wakubaliane: tangu 2023 Steam inaruhusu mchezo uliopakuliwa mara moja unakiliwe kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani, kila mmoja akiwa na haki ya mchezo huo kwenye akaunti yake.

Inabaki wapi pa kununua. Wafanyabiashara wa Butembo wanafika Kampala, Dubai na Guangzhou, na kuwatuma ni rahisi. Lakini kifaa kibovu kilichonunuliwa Kampala kinarudi kwa njia ya Kasindi, na barabara ya Beni hadi Kasindi imeshambuliwa mara nyingi mno kwa mtu kuikabili kwa sababu ya kadi ya grafiki. Prosesa na SSD mpya ndani ya boksi lililofungwa zinaweza kutumwa. Alimantasyo na kadi vinunuliwe mjini, hata kwa dola chache zaidi, mahali ambapo mnunuzi anamjua mwenye duka. Naye mwenye duka, kama anataka dola hizo za ziada, akubali kifaa kiwashwe mbele ya mteja kwa nusu saa, mchezo ukiendelea, kabla makuta hayajabadilisha mkono.