Ni Kaa Lipi, Ni Kaa Yupi?

Nimelisoma shairi la rafiki yangu wa Mombasa nikiwa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia, chini ya mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Katika ubeti mmoja mtu anatia mkono gizani, anashika kaa, anapiga ukelele. Je, ameungua au ameumwa? Mbele yangu wavuvi walikuwa wakichoma samaki, na juu ya mawe kaa walikuwa wakikimbia. Basi wale wanaotuambia kila siku kwamba muktadha utaeleza, na waje Ras Mkumbi wanieleze!

Nilipompigia simu akaughani, nikasikia. Lilikuwa kaa la moto. Katika ubeti uliofuata alikuwa ameandika k'aa, yule wa pwani, na mchezo wote wa shairi umo humo. Mhariri aliyelichapa alizifuta ritifaa zote, akidhani ni makosa ya chapa.

Mpumuo huo si madaha ya watu wa Mvita. Kaa la moto wingi wake ni makaa, na k yake ni kavu. K'aa wa pwani ni wa ngeli ya N: ile n ya kale imemezwa na k, ikaacha pumzi mahali pake. Ndivyo lilivyo paa la nyumba, mapaa, mbali na p'aa wa mwituni. Tena tazama upande: wingi wake ni p'ande, ilhali pande la nyama halina mpumuo. Pumzi hiyo ndiyo kaburi la kiambishi. Anayeifuta anafuta sarufi.

Padri Charles Sacleux aliitia alama katika kamusi yake ya mwaka 1939. Lakini Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, kiliiacha nje. Ng'ombe aliachiwa ritifaa yake (sijui k'aa alikosa nini).

Husemwa pia kwamba alama huchosha macho. Basi Wavietnamu, takriban milioni 100, wangekuwa vipofu! Kwao ma ni mzuka, má ni mama, mà ni lakini, mả ni kaburi, mã ni farasi, mạ ni mche wa mpunga. Herufi zao nazo zililetwa na wamisionari. Kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma mwaka 1651. Neno lao halina viambishi vya kulitegemeza kama letu, toni ndiyo inayobeba maana, nao hawakukubali kuifuta ili mgeni asome kwa wepesi.

Sidai shule zibadili vitabu. Nadai kwa wahariri wa mashairi jambo moja tu: mshairi akiweka ritifaa, iachwe.

Rafiki yangu amechoka, haziweki tena. Juzi ameniletea shairi jipya. Lina kaa ndani yake, nami sijui nimuulize ni lipi au ni yupi.