Pikipiki Isiyotembea na Ugonjwa wa Kuzimika

Baba yuko machimboni Geita. Pikipiki imeegeshwa uani Shinyanga, ikingoja siku ya kumkimbiza mgonjwa hospitali. Siku hiyo ndipo inapowaka kwa choki, na choki ikirudishwa tu, inazimika.

Wengi hukimbilia skrubu ya kuongeza mngurumo. Itanguruma, naam, lakini ugonjwa u palepale. Petroli iliyolala miezi ndani ya kabureta huvukia na kuacha utando unaonata, nao huziba kwanza jeti ndogo, ile inayoilisha injini kabla mkono haujavuta mafuta. Tundu lake ni jembamba mno. Fundi asilichokonoe kwa waya, kwani likipanuka halirudi. Alisafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Chujio la hewa nalo likaguliwe, kwa vumbi letu hili!

Kabla ya kurejea machimboni, baba afunge koki ya mafuta na kuiacha injini ingurume hadi izimike yenyewe, kabureta ibaki tupu. Afanye hivyo uani, kamwe si chumbani: moshi wake una hewa ya sumu isiyonusika. Mama na kijana wake nao waoneshwe koki hiyo chini ya tangi, wasije wakahangaika usiku kuwasha pikipiki iliyofungiwa mafuta.