Viroboto wa Paka na Mikeka Yetu



Wasomaji wetu watukufu, wiki hizi tumekuwa tukiulizwa na akina mama wa mtaani, na watoto wa chuoni pia, suala ambalo kwa juu laonekana dogo: paka wa nyumbani ameingia viroboto, afanywe nini? Wako wanaomtia guniani wakaenda kumtupa sokoni. Wako wanaompaka mafuta ya taa. Na wako wanaoazima dawa ya kupe kwa jirani mfugaji wa ng'ombe, wakammiminia paka. Kabla jua halijatua paka amekwisha kufa kwa mitetemeko. Suala hili basi si dogo, kwani ndani yake mna roho ya kiumbe.

Paka katika nyumba zetu za pwani si mgeni. Hulala darini, hupita barazani, hutulinda na panya. Twakumbuka habari ya sahaba Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu mpaka akanywa, kisha akamweleza mkwewe aliyekuwa akistaajabu kuwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Na twajua pia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Aliye ndani ya nyumba yako ni amana yako.

Sasa tumtazame adui. Watu wengi hudhani kuwa makao ya kiroboto ni mwili wa paka. Kiroboto mkubwa hukaa hapo, naam, akanyonya damu. Lakini mayai yake, ambayo huweza kufika 40 kwa siku moja, hayashiki kwenye manyoya. Hudondoka popote paka apitapo na alalapo: kwenye mkeka, zulia, godoro, na nyufa za sakafu. Hapo huanguliwa vijidudu mfano wa funza wadogo wanaokimbia mwangaza, kisha hujifunga ndani ya vifuko vyao. Humo kiroboto huweza kungoja kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka ahisi joto au mtikisiko wa mwenye damu. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu hufunguliwa na viroboto wakaruka kwa pamoja. Na joto na unyevu wa pwani yetu humfaa kiroboto mwaka mzima.

Basi anayemtibu paka akauacha mkeka, kazi yake ni nusu. Na anayemtupa paka hajawatupa viroboto. Amewaacha ndani, nao watawageukia watoto miguuni.

Kwanza thibitisha. Mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, hasa shingoni na karibu na mkia. Ukipata punje nyeusi kama vumbi la makaa, zitie juu ya pamba nyeupe iliyolowa. Zikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu huo ni damu ya paka wako. Viroboto unaowanasa watose katika bakuli la maji ya sabuni.

Pili, isafishe nyumba. Fagia kila siku chini ya vitanda na pembeni mwa kuta, na taka uzitoe nje mara moja. Kung'uta mikeka na kuianika juani. Kitambaa anacholalia paka kifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Endelea hivyo kwa muda wa miezi mitatu, hata kama viroboto hawaonekani tena, kwa sababu ya wale walio vifukoni.

Tatu ni dawa, na hapa twasisitiza sana. Baadhi ya dawa za kupe wa ng'ombe na za viroboto wa mbwa zina sumu ya jamii ya pemethrini. Ini la mbwa huweza kuivunja; ini la paka haliwezi ipasavyo. Tena paka hujiramba mwili mzima, hivyo umpakacho nje hufika tumboni. Mafuta ya taa humchoma ngozi na kumdhuru akiyaramba, na kitunguu saumu huharibu damu yake. Nenda kwa daktari wa mifugo, umtajie uzito na umri wa paka, akupe dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka. Mara nyingi huwa ni matone ya kutiwa nyuma ya shingo, mahali ambapo ulimi haufiki. Paka wote wa nyumba watibiwe siku moja. Ikiwa umekwisha kumpaka dawa isiyo yake naye anatetemeka, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, umkaushe, umkimbize kwa daktari.

Vitoto vya paka ndivyo vya kuhurumiwa zaidi, kwani viroboto wengi huweza kuvimaliza damu vikafa. Hivyo vichanwe kwa kitana kila siku, na dawa visipewe mpaka daktari aruhusu. Tena paka akimmeza kiroboto huweza kupata tegu. Ukiona vipande mfano wa punje za wali karibu na mkia wake, mweleze daktari hilo pia.

Wapo waliotuuliza juu ya doa la damu ya kiroboto katika nguo ya sala. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelisamehe, kwa kuwa ni vigumu kujiepusha nalo. Wala asiwepo wa kuwachoma viroboto kwa moto, kwani kuadhibu kwa moto tumekatazwa. Maji ya sabuni yatosha.

Wazazi, wapeni watoto kitana na bakuli. Kumhudumia kiumbe asiyeweza kusema ni somo la huruma wanaloweza kulianza nyumbani leo.

Wabillahi tawfiq.