Mabadiliko ya Jamii na Shamba la Mjane



Matanga yanapokwisha, katika vijiji vyetu vingi huanza kikao kingine. Wazee wa ukoo huketi, na mjane aliyelilima shamba lile tangu aolewe huelezwa kwamba ardhi ni mali ya ukoo. Viongozi wa Jumuiya wakiulizwa, baadhi hujibu kuwa mila haibadiliki. Wengine husema dunia inabadilika yenyewe, tusubiri. Majibu hayo mawili yanapingana, lakini yote yanatuondolea wajibu.

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelijadili swali hili kwa muda mrefu. Karl Marx alifundisha kwamba jamii hugeuka pale wanaofanya kazi wanapopambana na wanaomiliki nyenzo za uzalishaji mali. Kipimo hicho kinatufaa hapa, kwa maana mshika jembe ni mmoja na mwenye shamba ni mwingine. Max Weber, alipoandika mwaka 1904 na 1905 juu ya Waprotestanti na ubepari, alionyesha kuwa imani nayo yaweza kuusukuma uchumi. Neno zito kwetu sisi tunaohubiriwa kila Jumapili. Anayetugusa zaidi ni Émile Durkheim. Mwaka 1893 alieleza kuwa jamii za kale ziliunganishwa na kufanana, na jamii za sasa huunganishwa na kutegemeana katika kazi. Ukoo uliomtunza mjane ulikuwa wa namna ile ya kwanza. Leo vijana wake wamehamia mjini, kila mmoja na riziki yake. Ulinzi wa ukoo umepungua, ila mamlaka yake juu ya ardhi yamebaki palepale.

William Ogburn wa Marekani aliandika mwaka 1922 kwamba vitu hubadilika upesi, kisha desturi na sheria hufuata zikichechemea. Nchini Tanzania sheria moja ilitangulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilikuwa limekwisha kuandika kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili walilalamika hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania irekebishe sheria hizo.

Je, amri ya serikali ingetosha? Tulikwisha kuijaribu njia hiyo. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Mamilioni ya watu walihama, wengine kwa kusombwa na malori. Shule na zahanati zilisogea karibu, na ni haki kulikiri hilo. Shamba la pamoja, ambalo ndilo lilikuwa kiini cha ujamaa, halikushika mizizi, kwa kuwa mkulima aliamriwa bila kuulizwa.

Sheria ile ya 1999 imetuachia mlango mwingine. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Majina hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu, yaani na sisi wenyewe. Ni wangapi miongoni mwetu wanaowafahamu wajumbe hao? Tena tusijitakase: wazee wa ukoo wanaoketi baada ya matanga mara nyingi ndio hao hao viongozi wetu wa Jumuiya na wa Halmashauri ya Walei.

Kwa hiyo Tume inaomba mambo mawili. Kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji, kila Jumuiya iulizie kama viti vile vitatu vina watu, na kama havina, ipendekeze akina mama wanaoaminika. Na mwenyekiti wa Jumuiya aitwapo kusali penye msiba, asiage baada ya sala. Abaki ameketi hadi mashamba yatajwe.